Gunia la Mwisho Halikuwa Sawa na la Kwanza

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kosa ninaloliungama ni la hisabati. Liliwaumiza watu ninaokutana nao sokoni Laare, tena watu walioniamini kwa sababu ya somo ninalofundisha. Hakuna aliyenishtaki. Ripoti ya kazi niliyoipangia bajeti ilisifiwa, nikashukuriwa hadharani, na daftari la fedha likafungwa bila shilingi kupotea. Ndiyo maana imenilazimu kulisema mwenyewe. Kosa lilikuwa limejificha ndani ya hesabu iliyotimia, na asiyejua mahali pa kutazama asingeliona kamwe.

Asiyeijua Laare na aanze na miraa. Mji wetu uko Igembe Kaskazini, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, na biashara ya miraa ndiyo inayouamsha na kuulaza, kama ilivyo Maua, Kangeta na Mutuati. Miraa ni mali isiyosubiri. Jani likinyauka, kathinoni, ile kemikali inayoipa nguvu, huvunjika, na baada ya siku mbili hivi mzigo umeshuka thamani. Kwa hiyo kila kitu kimepangwa kulinda ubichi: kuchuma alfajiri, kufunga upesi, magari kukimbia kuelekea Nairobi. Tangu enzi za babu zetu ubichi huo ulilindwa kwa majani ya mgomba. Kisha zikaja karatasi za nailoni, nyepesi na za bei ya chini, na kwa miaka mingi mteja wa rejareja akafungiwa miraa yake ndani ya juala. Alipomaliza kutafuna, juala lilitupwa palepale, pamoja na karatasi za chingamu, vifuko vya njugu na chupa za soda.

Serikali ilijaribu kuzuia mapema. Mwaka 2007 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki yenye unene chini ya maikroni 30, na mwaka 2011 ikapandisha kipimo hadi maikroni 60, lakini marufuku hizo hazikushika. Ile ya tarehe 28 Agosti 2017 ndiyo iliyoshika, kwa kuwa ilikuja na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kuanzia mwaka mmoja hadi minne. Majani ya mgomba yakarudi sokoni. Hata hivyo, marufuku huzuia juala la kesho tu. Lile lililokuwa limeshatupwa lilibaki chini ya udongo, likingoja mkono wa mtu.

Mwaka 2022 kikundi kimoja cha wakazi kiliamua kusafisha mtaro mkubwa unaopokea maji ya mvua kutoka upande wa soko. Kilipata mfadhili, nami nikaombwa kutayarisha bajeti. Nilifurahi sana. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba aljebra ina kazi nje ya darasa, na sasa nilipewa nafasi ya kulithibitisha neno hilo mbele ya mji mzima.

Tulianza na jaribio. Tulichukua kipande kifupi cha juu, tukaajiri vibarua kwa malipo ya siku, yaleyale wanayolipwa watu kwa kulima shamba, na tukaondoa karibu nusu ya taka zilizokuwamo. Nilihesabu magunia, nikagawanya gharama kwa idadi yake, nikapata bei ya gunia moja. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelikosoa kwa kalamu nyekundu katika daftari la mwanafunzi. Niliichukua bei hiyo nikaitumia kwa mtaro wote, hadi taka ya mwisho. Ikiwa nusu imegharimu kiasi hiki, basi yote itagharimu mara mbili. Nikachora mstari ulionyooka kutoka sifuri, nikaandika kwenye ombi la fedha kwamba tutaondoa asilimia 95.

Mfadhili alikubali, akapokea pia utaratibu wa malipo niliopendekeza: ruzuku ingelipwa kwa gunia. Kila gunia lingepata bei moja, mwanzo hadi mwisho, na lisiwe na matope ndani. Niliamini kwamba hakuna utaratibu wa haki kuliko huo. Hakuna msimamizi wa kupendelea ndugu yake, hakuna anayelipwa kwa kukaa kivulini. Niliwaeleza watu kwenye mkutano kwamba kila mtu atavuna kulingana na jasho lake. Katika yote niliyosema na kuandika wakati ule, maneno hayo ndiyo yanayonichoma zaidi.

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha. Majuala yalikuwa yamelundikana juu ya ardhi, makavu, na chupa zilikuwa mafungu mafungu mahali maji yalipozisukuma. Vijana walijaza magunia kabla ya chai ya saa nne, na pesa ziliingia kwenye simu zao jioni ileile. Wengine walifanya nusu siku tu na kurudi kwenye boda boda zao. Mtaro ulibadilika sura haraka, watu wakaja kupiga picha, nami nikazidi kuuamini mstari wangu.

Kisha vijana wakaanza kupungua. Hapo nilikuwa na maelezo tayari, na maelezo hayo yalinifumba macho. Somalia ilikuwa imefunga mlango kwa miraa ya Kenya tangu Machi 2020. Julai 2022 ndege za mizigo zikaanza tena kuipeleka Mogadishu, na mashamba yetu yakawaita wachumaji. Kwa desturi ya Igembe, kupanda mti wa miraa na kuchuma ni kazi ya wanaume. Niliandika katika ripoti ya mwezi kwamba nguvukazi imepungua kwa sababu ya kufunguliwa kwa soko la nje. Lilikuwa jambo la kweli, na kwa kuwa lilikuwa la kweli sikujisumbua kuuliza kama lipo lingine. Waliobaki mtaroni walikuwa wanawake, wengi wao watu wazima, ambao hakuna shamba la miraa lingewaita wapande mti.

Mama mmoja kati yao alinisimamisha nilipokwenda kukagua mizani ya kupimia magunia.

“Mwalimu,” akaniambia, “gunia la sasa si gunia la mwezi uliopita.”

Nikamjibu kwamba bei haijaguswa, na magunia ni yaleyale, yanatoka duka lilelile.

“Bei ni ile, mwalimu. Lakini hili nimelianza jana.”

Nilimwambia avumilie, kazi imekaribia kwisha. Nikaondoka. Sikuinama kutazama alichokuwa akikiokota, na sikumuuliza amekula nini tangu asubuhi. Nilikuwa na haraka ya kujaza jedwali.

Nilirudi siku nyingine, nikainama. Majuala yaliyokuwa juu ya ardhi yalikuwa yamekwisha. Yaliyobaki yalikuwa chini ya tope, yamekunjwa ndani ya mizizi ya nyasi, yamechanika vipande vya ukubwa wa ukucha. Ili kupata kipande kimoja ilibidi kuchimba, kuvuta polepole kisikatike, kisha kukisuuza, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kwamba gunia lisiwe na matope. Ilikuwa kama kuokota maharagwe yaliyomwagika uani: unaanza kwa kuzoa kwa viganja viwili, unamalizia kwa kuchokonoa nyufa kwa kijiti, na bado uani hapajawa safi. Kazi ya siku nzima haikujaza nusu ya gunia. Malipo yalikuwa ya nusu gunia.

Usiku ule niliketi na karatasi, na nilichokiandika nilikuwa nimekifahamu tangu chuo kikuu. Vitabu vya hisabati vya mwaka wa kwanza vina swali la kawaida mno kuhusu gharama ya kuondoa uchafu mtoni. Nililifanya nikiwa mwanafunzi, nikapata alama zote, na halikunijia akilini hata mara moja nilipokuwa nikitengeneza bajeti ya mtaro wa kwetu. Fomula yake ni hii:

G = kp ÷ (100 − p)

Hapa G ni gharama, na p ni asilimia ya uchafu iliyokwisha kuondolewa. Herufi k ni gharama ya kuondoa nusu ya kwanza, kwa maana ukiweka 50 mahali pa p, juu unapata 50k, chini unapata 50, na jibu ni k. Siri yote imo katika namba ya chini. Kadiri p inavyokaribia 100, namba ya chini inakaribia sifuri, na kugawanya kwa kitu kinachokaribia sifuri hutoa jibu lisilo na kikomo. Kwenye grafu mchirizi, yaani mstari uliopinda wa fomula hii, huanza kwa upole, karibu kama mstari ulionyooka, kisha huinuka, kisha husimama wima ukikwea kando ya ukuta ulio kwenye 100, bila kuufikia.

Nitatumia namba rahisi zenye tabia ileile, kwa kuwa hesabu halisi ni mali ya kikundi. Tuseme kuondoa nusu kunagharimu shilingi 50,000. Mstari wangu ulisema asilimia 80 itagharimu 80,000, asilimia 90 itagharimu 90,000, na asilimia 95 itagharimu 95,000. Fomula inasema asilimia 80 ni 200,000. Asilimia 90 ni 450,000. Asilimia 95 niliyoiahidi kwa kalamu yangu ni 950,000, mara kumi kamili ya nilichoandika. Asilimia 99 ni karibu milioni 5. Na mia haina jibu.

Niliziandika namba hizo, nikabaki na swali. Kama gharama halisi ilikuwa juu kiasi hicho, kwa nini bajeti yangu haikupasuka? Kwa nini fedha zilitosha?

Zilitosha kwa sababu mfadhili hakuwa analipa gharama. Alikuwa analipa mstari wangu. Gunia lilikuwa na bei moja, basi matumizi yake yalipanda kwa unyoofu uleule niliouchora, na kila mwezi namba za ripoti zilikaa juu ya mstari kama zilivyotarajiwa. Mchirizi ulikuwepo wakati wote, lakini ulikuwa unalipwa na mtu mwingine. Tofauti kati ya mchirizi na mstari ililipwa kwa siku za wale wanawake, kwa migongo yao, kwa kibarua cha shamba walichokiacha wakiamini kwamba gunia litajaa kesho.

Niliendelea na hesabu ingawa sikutaka. Tujalie taka zote za mtaro ni mafungu 100, na kila fungu linalipwa shilingi 1,000, ambayo ndiyo bei ya wastani niliyoipata kwenye jaribio. Fungu la kwanza, ukilipima kwa ujira wa kawaida wa kibarua, linatumia kazi ya shilingi 500 hivi. Anayeliokota anapata karibu maradufu ya jasho lake. Faida hiyo inapungua fungu kwa fungu, na ukifika kwenye fungu la 29 au 30 imekwisha: kazi ya shilingi 1,000 kwa malipo ya shilingi 1,000. Kuanzia hapo kila fungu jipya ni hasara kwa anayeliokota. Kwenye fungu la 50 kazi ni ya 2,000. Kwenye la 80 ni kama 12,500. Malipo ni 1,000.

Mtu mwenye pa kwenda huondoka anapofika theluthi ya kwanza. Hana haja ya fomula, mwili wake unamwambia. Vijana waliondoka karibu na hapo, nami nikaandika Mogadishu. Mogadishu iliwapa pa kwenda, ni kweli. Lakini bei yangu ndiyo iliyowaambia muda wa kuondoka umefika. Wasiokuwa na pa kwenda walibaki na sehemu ya mtaro iliyokuwa ghali, kwa bei ya sehemu iliyokuwa rahisi. Kwa makadirio yangu kazi ilisimama karibu na asilimia 80. Kwa namba zetu rahisi, jasho lote lililotumika ni la shilingi 200,000, na lililolipwa ni 80,000. Zile 120,000 zilizobaki zilikuwa ruzuku pia. Wanawake maskini wa Laare waliwapa ruzuku mfadhili, kikundi, soko zima na mimi, na hakuna risiti iliyoandikwa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, alinitetea. Alisema walikubali bei kwa hiari, hakuna aliyeshikwa mkono. Nimelifikiria sana neno lake na siwezi kulipokea. Walikubali bei ya gunia waliloliona likijazwa asubuhi moja. Hakuna aliyewaambia kwamba gunia la mwisho litakula siku mbili au tatu. Katika mkutano ule mtu mmoja tu alikuwa amesomea namna gharama zinavyopanda kadiri uchafu unavyopungua, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele akizungumzia jasho na mavuno. Hiari ya asiyejua haiwezi kuwa ngao ya aliyejua akasahau.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kulipa kwa kipimo ni dhuluma daima. Kuna vitu ambavyo bei moja inavifaa. Mwaka uleule, 2022, serikali ilianza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50, na mwaka uliofuata ikashusha hadi 2,500. Hapo bei moja inaeleweka, kwa kuwa gunia la mbolea la mia moja ni sawa na la kwanza: lina uzito uleule, limetoka ghala lilelile. Ubaya wangu ulikuwa kuihamisha akili hiyo mtaroni, ambako magunia hulingana kwa uzito na kutofautiana kwa kazi.

Tena fomula yenyewe si sheria ya maumbile. Hakuna malaika aliyeiandika kwenye tope la Laare. Mtaro mwingine unaweza kuwa na mchirizi mpole zaidi au mkali zaidi, na k hubadilika na msimu, kwa maana tope la masika si tope la kiangazi. Ninachodai ni umbo lake: mwanzo rahisi, mwisho ghali, na ukuta kwenye mia. Umbo hilo utalikuta kwenye moshi wa viwanda, kwenye mafuta yaliyomwagika baharini, kwenye maji machafu ya mji.

Wanaoandika kanuni wanalifahamu. Upande wa Imenti na kule Embu viko viwanda vya kahawa ambavyo maji yake ya kukobolea na kuoshea, yakiachwa yatiririke mtoni, hunyonya oksijeni ya mto na kuua viumbe. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizokabidhiwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, hazikuviambia viwanda vifikie sifuri. Ziliweka kikomo: mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia, yaani oksijeni ambayo uchafu huinyonya majini, yasizidi miligramu 30 kwa lita katika maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Zamani nilidhani 30 ni udhaifu wa serikali. Siku hizi naiona kama namba ya mtu aliyetazama grafu akachagua mahali pa kusimama kabla ya ukuta. Mimi nilichagua 95 kwa sababu ilipendeza kwenye ombi.

Hata historia ya Mto Nairobi naisoma upya. John Michuki alikuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008 hadi alipofariki Februari 2012, na katika muda wake watu waliuona mto ukifunguka, hasa karibu na mzunguko wa Globe, ambako leo kuna bustani yenye jina lake. Mara nyingi nimesikia waliomfuata wakilaumiwa kwamba hawakuwa na moyo wake. Pengine ni kweli. Lakini naamini pia kwamba walirithi sehemu ya juu ya mchirizi, ambako shilingi moja haifanyi tena kazi iliyofanya mwanzoni, na hakuna aliyewaongezea shilingi. Ukimpima wa mwisho kwa kipimo cha wa kwanza utamwita mvivu. Nilikaribia kumwita yule mama mvivu. Nilimwambia avumilie, na kumwambia hivyo mtu ambaye kazi yake imepanda mara kumi ni kumhukumu.

Sasa niseme ningefanya nini, kwa kuwa kuungama bila hesabu mpya hakumsaidii mtu.

Ningelipa kwa gunia katika theluthi ya kwanza tu, ambako taka ziko juu na kasi inafaa kutuzwa. Baada ya hapo ningelipa kwa siku, ujira wa kibarua cha shamba au zaidi, bila kujali gunia limejaa au la. Wapo watakaosema malipo ya siku huzaa uvivu. Najibu kwamba msimamizi mwaminifu mmoja ni rahisi kumpata kuliko kurudisha siku za mtu zilizokwisha kupita.

Ningechagua pa kusimama mapema na kulisema wazi. Kutoka asilimia 90 hadi 95, kwa namba zetu, kunagharimu shilingi 500,000. Kiasi hicho kinatosha kuuchukua mtaro mwingine mchafu kabisa, wa ukubwa uleule, na kuusafisha kutoka sifuri hadi 90, na 50,000 zibaki mfukoni. Laare haina mtaro mmoja tu. Mutuati ina yake, Maua ina yake. Mafungu matano ya mwisho ya hapa ni mafungu tisini ya kwanza ya kwingine, na watoto wa kwingine nao hucheza karibu na maji.

Na sehemu kubwa ya ruzuku ningeiweka mbali kabisa na mtaro, pale sokoni. Juala ambalo halikutupwa halina p wala k. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, iliyotiwa saini Julai 2022, mwezi uleule ndege zilipoanza tena kuruka, inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, na inazipa kaunti jukumu la kuandaa mahali pa kuzipokea na kuzichambua. Soko la miraa linafaa kuanza nalo, kwa kuwa sehemu kubwa ya taka zake ni majani ya mgomba na vijiti, vitu vinavyooza na kurudi shambani vikiwa mbolea, mradi visichanganywe na chupa. Kumlipa mtu asimame sokoni akichambua, saa ambayo chupa bado ni kavu na iko mkononi, ni kununua kazi katika mwanzo wa mchirizi kila siku. Kuingoja chupa mtaroni baada ya mvua ya Oktoba ni kuinunua kazi hiyo mwishoni.

Nililifikisha jambo hili kwa kikundi. Niliomba nafasi mkutanoni, nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza, nikachora mstari na mchirizi kwenye karatasi kubwa, nikawaonyesha nafasi iliyo kati yake. Nilisema nafasi hiyo ni ya nani. Wengine walinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Mmoja alisema kwamba alijua tangu zamani, ila alidhani mwalimu ana sababu zake. Yule mama aliyenisimamisha nilipokwenda kukagua mizani alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama karatasi ile itarudisha pesa, na nilipomwambia kwamba mfadhili ameshafunga hesabu zake, akatoka nje. Sina la kumlaumu.

Posho niliyopewa kwa kutayarisha bajeti nimeitoa yote, ikagawiwa kwa kufuata daftari la mizani, kuanzia kwa walioleta magunia ya mwisho. Haikufika mbali. Baadhi yao wamepokea sehemu, wengine bado, na kila mwisho wa mwezi naongeza kidogo ninapoweza. Kikundi kimeandika ombi jipya kwa ajili ya mtaro wa pili. Safari hii tumepima vipande vitatu kabla ya kuandika namba yoyote, kimoja tumekisafisha hadi tukachoka, ili tujue k yetu ni ngapi na mchirizi wetu unainuka wapi. Lengo lililoandikwa ni asilimia 75, na malipo ya siku yanaanza kwenye theluthi. Mjumbe mmoja alisema 75 itaonekana ndogo machoni pa wafadhili na akapendekeza tuandike 90. Nilikataa, na nikaomba kukataa kwangu kuandikwe katika kumbukumbu za mkutano.